Juisi ya Mama

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila feni ya bwenini imekufa, na muuguzi ninayelala naye chumba kimoja anakoroma kama trekta. Niko chuoni kwenye mafunzo ya epidemiolojia; tumepewa mabweni maana wanafunzi wako likizo. Tunafundishwa kutafuta chanzo cha magonjwa ya mlipuko.

Jana mwalimu alibandika ukutani ramani ya mlipuko wa zamani wa kipindupindu, yenye alama za wagonjwa, wauza vyakula na mabomba ya maji, ila bila jina la mtaa. Niliutambua kwa ile kona ya kiwanda cha sabuni. Ni mtaa wetu.

"Chanzo ni nini?" akauliza.

"Mama muuza juisi," daktari mmoja akajibu haraka. "Amezungukwa na wagonjwa."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Majirani nao walisema hivyo, wakamvunjia kibanda. Lakini wengi walioumwa hawakuwahi kununua juisi yake. Fuateni bomba la maji. Lilipasuka karibu na shimo la choo."

Nikajikuta nimesimama. "Huyo ni mama yangu."

Mwalimu akaniuliza taratibu kama mama aliwahi kuambiwa. Nikamjibu kwamba alifariki mwaka jana, akiamini mpaka mwisho kuwa mikono yake ndiyo iliyomuua mjukuu wake.

Sikumwambia kuwa baba wa mtoto huyo ni wewe, wala kuwa ulimlaumu mama hata hukuja kumzika.

Njoo, kaka. Nitakupeleka kaburini, umwambie wewe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sijakufungia mlango.