Diski ya Maziko Kutoka Amerika

Mjukuu wangu Neema,

Amani iwe nawe huko uliko. Huku Nyakabiga tuko salama, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza tulibadilishaje diski za Amerika zionekane kwenye televisheni za huku. Wakati wa vita nilikuwa karani wa duka la video, mwoga sana. Mama mmoja jirani alileta diski ya maziko ya mwanawe aliyefia Amerika. Kwake ilionyesha mistari tu. Mashine ya kubadilisha hatukuimudu, kwa hiyo tuliicheza kwenye televisheni ya duka iliyokubali mifumo yote ya picha, ya huku na ya Amerika, tukairekodi upya kwa kamera iliyoelekezwa kwenye kioo. Nilifunga mapazia kuzuia mwanga wa nje. Mama akakaa kando ya kamera.

Tulipotazama nakala, nilisogelea kioo. Kati ya watu wenye makoti mazito, ukingoni mwa kaburi, ulielea uso wa mama huyo mwenyewe. Kioo kilikuwa kimemwakisi, na kamera ikamchukua.

“Nisamehe, mama. Nitafuta, nirudie.”

“Apana futa, mutoto yangu,” alisema. “Ile siku walimuzika, mi sikukuwako. Sasa niko.”

Nikamkabidhi nakala kwa mikono miwili.

Bibi yako