Bahasha ya Wino Mwepesi

Kanazawa
Mwishoni mwa Novemba

Dada yangu Kinuyo,

Kwanza kabisa, hakuna aliyekufa. Najua ulipoipokea bahasha hii ukaona jina lako kwa wino mwepesi wa kijivu, ulidhani ni ya msiba. Niwie radhi. Mama yu hai, mimi ni mzima, na paka wa jirani bado anakojoa mlangoni petu kama kawaida yake. Habari ya bahasha nitaifikia. Niache kwanza nivute pumzi, maana nimechoka, dada yangu, nimechoka mpaka kalamu naiona nzito.

Natumaini huko Kushiro hamjambo, na kwamba kifua cha shemeji Tetsuji kimepata nafuu. Asilete ukaidi wake wa kwenda gatini bila skafu. Hapa kwetu misonobari imeshafungwa kamba za kushikilia matawi, kwa hiyo theluji i njiani. Mwani ulioutuma umefika salama. Niliupikia supu, Mama akanywa bakuli mbili, akauliza nani huyo mwenye jicho la kuchagua mwani mzuri hivi. Nikamwambia ni mteja mmoja. Si ulitaka nisikutaje?

Duka lipo, na ungeliona ungecheka. Ile rafu ya mbele, ambapo Baba alikuwa akipanga bahasha za maofisi, sasa imejaa madaftari yenye majalada ya kitani na karatasi laini hata unaona haya kuiandikia. Wasichana wanapanda treni kutoka Tokyo kuja kuyapiga picha. Wanajaribu kalamu za wino zote, wanachora paka, kisha wananiambia daftari ni zuri mno, wao hawana roho ya kulichafua, watalifungia kabatini. Nami nainama, asanteni, karibuni tena, huku kiuno kinawaka moto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanadhani kuuza karatasi ni kukaa na kunusa harufu nzuri.

Wino unaogombewa mwaka huu ni wa kijivu, eti unaitwa Ukungu wa Alfajiri. Mama hukaa pale pale penye kigoda chake, karibu na jiko la mafuta, masikio wazi. Siku moja msichana akasema anaununua amwandikie mchumba wake. Mama akamuuliza, duka zima linasikia, nani kafa kwenu? Binti akababaika, akasema hakuna. Mama akamwambia basi asijitakie balaa, wino mwepesi ni wa msiba, ni machozi yaliyodondokea kwenye jiwe la kusugulia wino, yakaupausha. Amwandikie mchumba kwa rangi hiyo, na kesho mchumba atakuja amevaa nguo nyeusi. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega, kisha wakanunua chupa zote. Wamempa jina, Bibi Mkali, na siku hizi wapo wanaokuja makusudi wagombezwe.

Nikafurahi, nikasema Mama wetu ni yule yule. Kumbe!

Wiki chache baadaye akaja Mwalimu Hisamatsu, yule aliyetufundisha hesabu na kukupiga chaki ya kichwa. Mjukuu wake anaolewa, na unajua tena, nusu ya mtaa huu inaamini ndoa haikai kama jina kwenye bahasha ya pesa za zawadi halikuandikwa na Mama. Mama akachagua bahasha sawasawa, ile yenye fundo lisilofunguka. Akamimina maji kwenye jiwe, akasugua kijiti cha wino mara moja mbili tu, akaandika. Mwandiko ulikuwa mzuri kama zamani, lakini ulikuwa wa kijivu. Mwalimu akavua miwani, akaivaa tena. Akaniuliza mimi, si Mama, kama tumeamua kumzika mjukuu wake angali hai. Nikaruka kama chura, nikasema huo ndio mtindo, Ukungu wa Alfajiri, vijana wanaupenda. Akanijibu kwamba yeye si kijana na arusi si ukungu. Nikamwandikia upya kwa mkono wangu huu wa kuku aparuaye, akaichukua kwa kunionea huruma.

Nikasema ni macho. Daktari akayapima, akasema macho hayana neno. Basi nikamfokea, dada, sikufichi. Nilimwambia mweusi, Mama, wino mweusi! Alifuta brashi yake tu. Tangu hapo kila bahasha ni ya kijivu, iwe ya arusi, iwe ya mtoto mchanga. Nimekuwa nawadanganya wateja kwamba amelala, huku wanamwona kabisa ameketi. Maji yamenifika shingoni.

Juzi nilikuwa nakuandikia kukushukuru kwa mwani. Sikumsikia Mama akija nyuma yangu. Akalisoma jina lako kwenye bahasha. Nikajikaza nisubiri radi. Haikupiga. Aliuliza polepole ni kwa nini nimeliandika kwa wino mweusi. Akaiweka kando bahasha yangu, akachukua mpya, akasugua wino na kuliandika jina lako mwenyewe, kisha akataka nimsomee anwani. Alipomaliza akaniuliza mimi ni mtoto wa namna gani, ndugu yangu amekufa nami naandika kama ninayeagiza mchele. Na yeye, akasema, ninamlazimishaje atoe wino wa arusi wakati hajaanua matanga ya binti yake?

Nikamuuliza nani kamwambia umekufa. Akasema watu walimficha, ila alisikia kwa masikio yake, hapa hapa mlangoni, mtu akisema Kinuyo amekufa.

Dada, aliyesema ni yeye. Siku ile unaondoka na shemeji, yeye amesimama mlangoni, akasema: kwangu mimi, Kinuyo amekufa. Ugomvi wote umemtoka. Hakumbuki kwamba alimkataa shemeji, hakumbuki hata hasira yenyewe. Limebaki neno lile peke yake, na analiamini, na anakulilia mchana kweupe kati ya wateja. Nimemwambia u hai. Ananipapasa mkono, ananiita mtoto mwema kwa kumpoza. Simu nayo hasikii vizuri, na asichokisikia hakiamini. Mimi nimeshindwa. Peke yangu siwezi tena.

Uliapa hutakanyaga hapa mpaka Mama akuite kwa jina lako kwa hiari yake. Basi itazame tena bahasha. Rangi si yenyewe, lakini mkono ni wake, na hakuna aliyemwomba.

Njoo, dada. Ingia kama mteja, usimame mbele ya kigoda chake, umwombe akuandikie jina lako. Wino nitausugua mimi, mweusi tititi.

Msalimie sana shemeji Tetsuji, mwambie naye aje, ila avae skafu. Mama angekusalimu kama angejua u hai. Mimi nakusubiri nikiwa na chai ya vikonyo vya mchai jikoni.

Mdogo wako,
Masae