Sisi Watu wa Mlima

S.L.P. 612,
Meru.
26 Januari 1997

Dada yangu mpendwa Kaari,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini joto la Gaborone limepungua na mguu wako umepona. Mama yuko Timau, anakula kidogo, anamkamua ng'ombe wake mwenyewe na hataki kusaidiwa. Watoto wamerudi shuleni. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ya rambirambi niliipata Jumanne. Unanishukuru kwa kuwa na ndugu yetu Mutegi hadi dakika yake ya mwisho, na unasema hakuna kaka ambaye angemtunza vizuri zaidi. Kaari, maneno hayo siwezi kukaa nayo. Ndiyo maana naandika.

Safari yenyewe ya kupanda mlima ilianza vizuri. Unanijua na ratiba zangu: niliiandika kwenye karatasi ya shule, siku nne, saa ya chai na saa ya maombi. Mutegi alitoka kwake Majimbo, Embu, na mkewe Nelius na watoto wao, tukakutana Chogoria. Alifika bado anatafuna mutura ya kuchomwa, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, aliyoinunua njiani, Chuka. Tukalala kwenye vibanda vya lango la mbuga. Watoto waliwaona nyati wakila nyasi karibu na dirisha, wakanyamaza kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Mutegi aliwafundisha kuchoma viazi kwenye majivu kama Baba alivyotufundisha sisi. Nilikuwa na furaha, sitakuficha.

Siku ya pili Nelius alibaki na watoto. Mimi, Mutegi na Kaberia, mzee aliyekuwa akituongoza, tulipanda hadi Ziwa Ellis, tukapiga hema. Jioni Mutegi akatapika na kusema kichwa kinampasuka. Nikasema ni mutura. Nikamtania kwamba Embu imemlainisha, miaka tisa ya joto na chapati za Nelius. Alicheka, lakini hakula.

Asubuhi ratiba ilisema twende kibanda cha Minto. Kaberia aliniita kando. "Mwalimu, huyu arudi chini. Kichwa ikiuma hivi huku juu, mtu anashuka." Nikamjibu kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. "Sisi tumezaliwa Timau. Sisi ni watu wa mlima." Nilisema kwa sauti ili Mutegi asikie. Mutegi mwenyewe aliniomba mara moja tu: "Kaka, turudi." Nikamwambia asinitie aibu.

Akapanda. Mimi ni mkubwa wake, na alizoea kunitii.

Kesho yake kulipopambazuka, pale kibandani, alikuwa akiyumba na kuongea ovyo. Unajua nilifanya nini? Nilimnusa mdomo, kama ninavyowanusa wanafunzi wa kidato cha tatu wakitoka mjini. Kisha nikaupekua mkoba wake nikitafuta chupa. Nilipata soksi na sweta aliyofumiwa na Nelius. Alikuwa ananitazama nikipekua.

Kaberia hakuniuliza tena. Alimbeba mgongoni, tukashuka tukipokezana. Kifua cha Mutegi kilikuwa kinatokota kama sufuria ya uji na povu lilimtoka mdomoni. Alikata roho kabla ya saa sita, tukiwa tayari tunaliona lile ziwa. Tulipofika langoni watoto walikuwa wametuwekea viazi.

Daktari alisema mapafu yalijaa maji. Mimi nikawaambia watu ni nimonia, na nimonia ndiyo iliyosomwa kanisani. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa mwalimu amesema. Wiki iliyopita Nelius alinitumia mkungu wa ndizi kwa kunishukuru kwamba sikumwacha mumewe peke yake. Tuliula.

Nakuomba usinifariji. Nimechoka kupewa pole. Ukiniandikia kwa hasira nitaisoma barua yako yote, na ukinyamaza nitajua sababu. Mama nitamweleza mwenyewe, lakini Nelius ndiye mwenye haki ya kusikia kwanza.

Msalimie shemeji Gitari na watoto. Mke wangu Kathambi anakusalimu. Yeye nimeshamweleza, na tangu siku hiyo tunaongea ya lazima tu. Mungu awalinde huko mliko, awape usingizi mzuri.

Jumamosi naenda Majimbo. Ile barua yako ya Novemba, uliyoniandikia kama muuguzi, "kichwa kikimuuma mtu, shukeni siku hiyo hiyo, hata mkiwa mmebakiza hatua kumi", nilikuwa nayo mfukoni safari yote. Nilikuwa nimeikunja ndani ya ratiba. Sijaichana. Nitampa Nelius aisome mwenyewe.

Ndimi kaka yako, ninayekupenda hata ukiacha kuniandikia,

Mwongera