Mdiria Aliyevuka Mto

Jumamosi, baada ya Isha

Bado uso unaniwaka. Ningetulia kutazama ndege wangu, yangeyange, kwenye mabwawa ya majitaka ya kiwanda cha mkonge, na uvundo wake wote, haya yasingenikuta.

Mdiria mmoja wa buluu aliruka kutoka bwawani akaelekea mtoni. Nikamfuata kwa darubini. Akapita juu ya wanawake waliokuwa wanakoga, akavuka ng'ambo, akapotea.

Mimi darubini sikuishusha.

Mmoja akaniona, akapiga ukelele. Wakagombania khanga. "Mwanamume mzima, huna haya!" Nikageuka nikimbie.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe, kutoka mle mle majini. Mtu ambaye hata nikimwamkia shikamoo natazama chini.

"Mwacheni jamani, huyo mkwe wangu. Anatazama ndege tu, ndiyo kawaida yake."

Wakarudi kukoga. Mmoja hata akaniomba radhi.

Jioni mama mkwe katuma samaki wa kupaka. Mke wangu akaniwekea sahani mbele, anacheka. "Mama anauliza, yule ndege ulimwona vizuri?"

Nikasema nilimwona. Samaki sijamgusa.