Maneno ya Mshiriki wa Saba

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa dada yangu wa kwanza na wa mwisho (maana mama hakuzaa wa kike mwingine),

Shikamoo. Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje na zile zamu za wodini? Mpwa wangu meno ya mbele yameota, au bado anacheka kama dirisha wazi? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo haumsumbui hata kidogo. Jana kanisema kuanzia mlangoni mpaka jikoni, kisa viatu vyangu vina rangi. Mimi mzima kabisa, na uzuri unazidi.

Kabla ya yote, jua kwamba mdogo wako ameandikwa kwenye jarida la chuo kikuu. Ndiyo, mimi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha. Wewe na vyeti vyako vyote hujaandikwa popote zaidi ya ratiba ya zamu. Pole.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana alikuja gereji mtafiti mmoja, mama wa makamo, na kinasa sauti kidogo kama kiberiti. Alitaka kujua sisi mafundi rangi tunaishije na mvuke wa rangi na thina, kama vifua vinauma, kama tunavaa barakoa. Alihoji watu tisa wa gereji tatu. Majina hakuandika, alitupa namba, na mimi nikawa Mshiriki wa Saba. Nilimpa saa nzima, unanijua nikipewa sikio. Kompresa inanguruma, tajiri wetu mwenye gereji anapita anafoka, mimi naendelea tu.

Mwezi uliopita akatuletea makala yake iliyochapishwa, kutushukuru. Nikatafuta namba yangu. Kaa vizuri kwenye kiti: "Mvuke wa rangi tunauheshimu. Hatuanzi kazi kabla ya kuvaa barakoa, kwa kuwa afya ndiyo chombo cha kwanza cha fundi."

Chombo cha kwanza cha fundi! Dada, nilisimama. Kumbe mimi ni mtu wa namna hii? Sikukumbuka kusema hivyo, lakini siku ile nilisema mengi, na jambo zuri likitoka kinywani mwangu huwa sishangai. Nikaipigilia makala ukutani juu ya meza ya puti, pale tunapokoroga ile ya kuziba mabonyeo ya gari. Nikayakariri yale maneno, nikawa nawasomea wateja bila kutazama. Gereji nzima ikaanza kuniita Saba.

Kilichonichanganya ni kitu kimoja: barakoa zenyewe hatuna.

Unamkumbuka Kobe, aliyetupakia mlango rangi ya bluu ulipokuwa unaolewa? Ndiye aliyenifundisha kushika bunduki ya rangi. Kifua chake sasa kibovu. Akipuliza boneti moja, anakaa kwenye tairi kutafuta pumzi. Alimwendea tajiri kuomba barakoa za vichujio, zile za kweli. Tajiri akamshika bega, akamleta mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye maneno yangu.

"Chuo kikuu kimeandika mnavaa. Mwenzenu kasema mwenyewe. Unataka nyingine za nini, za kuvaa masikioni?"

Kobe alinitazama tu. Afadhali angenitukana. Wengine walinitukana kwa niaba yake. "Saba, zitoe basi hizo barakoa, umezificha wapi?"

Nikavaa shati safi, nikaenda chuoni. Ofisi yake iko ghorofa ya tatu, ina viti viwili, na kimoja kimekaliwa na makaratasi. Nikamwuliza: madam, haya niliyasema lini? Alidhani natania. Akafungua kompyuta, akaniwekea sauti yangu mwenyewe. Kompresa kwanza, halafu mimi: "Barakoa gani, madam? Nafunga fulana kuukuu puani, na fulana yenyewe ni ya Kobe."

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Uso ukambadilika.

Hapa ndipo nisipoelewa, nieleze wewe uliyesoma. Kumbe mazungumzo yetu yote aliipa programu ya akili bandia iyaandike, kisha akaiambia iyanyooshe lugha yafae kuchapishwa. Pale iliposhindwa kusikia, ikajaza yenyewe. Yeye akasoma, akaona yanapendeza, hakurudi kwenye sauti. Jarida lilimwuliza kwenye fomu kama alitumia mashine, akaandika kwamba ilimsaidia lugha tu. "Na niliamini hivyo," akaniambia. Mimi namwamini. Lakini kunyoosha lugha kunaishia wapi, na kunigeuza mtu mwingine kunaanzia wapi? Na hiyo mashine haijawahi kuniona. Ilijuaje kunipendelea kiasi kile?

Akasema itabidi amwandikie mhariri, asikilize upya sauti zote tisa, na pengine makala iondolewe kabisa. Ndiyo makala aliyokuwa anaitegemea kupanda cheo. Kisha akawa anapanga kalamu zake mezani. Dada, jibu nilikuwa nalo ulimini: acha tu, madam, nitasema nilisema. Si nimeshayakariri? Lilikuwa linatoka. Nikamkumbuka Kobe kwenye tairi.

"Andika, madam," nikasema. "Weka na fulana."

Akaniwekea ile sauti kwenye simu. Alisema ni yangu, nina haki nayo.

Jumatatu, wakati wa chai, nikawasikilizisha wenzangu kwa spika za gari lililokuwa linasubiri bampa. Ya fulana wakacheka, Kobe akacheka mpaka akakohoa. Halafu, nyuma ya kompresa, ikaja sauti nyingine ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau, inafoka: "Acheni maneno huko! Anayetaka barakoa akavae ya kwao!" Nadhani mashine iliihesabu kuwa ni kelele, ikaiacha nje.

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Huyo nani?" akauliza.

"Mshiriki wa Kumi, tajiri," Kobe akajibu.

Kesho yake tulikuta barakoa mbili za vichujio juu ya meza ya puti. Sisi tuko watano. Moja ni ya Kobe, hiyo hatuigusi. Nyingine tunapokezana, ina jasho la watu wanne. Sijui kama hapo tumeshinda.

Mtafiti ameshamwandikia mhariri, bado hajajibiwa. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuja kutuuliza habari za vifua vyetu, na mimi ndiye nimemharibia. Au sikumharibia? Jambo hili nikiligeuza hivi naona nimefanya vyema, nikiligeuza vile naona aibu. Niambie ukweli, usinibembeleze.

Msalimie shemeji, mwambie nikija nitalipaka gari lake rangi yoyote isipokuwa ile ya kijani. Mama na Kobe wanakusalimu. Mpwa wangu mbusu kwenye pengo. Mungu akushike mkono kila zamu, uingie mzima na utoke mzima. Na ukimsomea shemeji barua hii, isome kama ilivyo, usininyooshe.

Makala bado iko kwenye msumari. Yale maneno ya mashine nimeyakata kwa mstari, pembeni nikaandika yale ya fulana kwa mwandiko wangu unaoucheka. Lakini nakwambia wewe tu: yale niliyoyakata bado ninayo kichwani yote. Nikiwa napiga msasa peke yangu huwa nayasema polepole, nione kama siku moja yatanikaa mdomoni.

Ni mimi nikupendaye, hata nisipokuandikia,
Mdogo wako, Saba