Odilia Mbele ya Mgeni Rasmi

Kumsenga, Kibondo
14 Desemba 1975

Kwa kaka yangu Hilali,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta huko Mombasa u mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba miguu ya Mama imepata nafuu. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi, ingawa baridi ya huku milimani mpaka leo sijaizoea. Roho ndiyo inayochemka, kaka. Nisipoyaandika haya nitapasuka.

Uliniuliza sikukuu ya wenzetu ilikuwaje. Uhuru wao ni tarehe tisa, siku tatu kabla ya Jamhuri yetu. Wiki mbili nzima tulifagia na kupaka chokaa mawe ya barabara ambayo gari hupita mara moja kwa mwezi. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi, akaja saa nane. Watoto wa halaiki walikuwa juani muda wote huo, wawili wakaanguka, na mheshimiwa aliposhuka garini akapelekwa kwanza kula! Ng'ombe ni wa kijiji, lakini wanakijiji tuliambulia harufu.

Na huyo Bwana Stanislaus, afisa wa elimu ya watu wazima kutoka Kasulu, huyo ndiye aliyenimaliza. Alitangulia kuja kutuonya kwamba siku hiyo hataki kuona mambo ya kizamani. Wanawake wa huku wakiamkia mtu hupiga goti na kugonganisha viganja polepole, kwa adabu nzuri mno. Yeye akasema yasionekane hayo, ati wageni watatuona washamba. Hebu niambie, mtu amekuwa mshamba kwa kusalimu vizuri?

Sasa sikia ya Odilia. Huyu ni mama wa makamo katika darasa langu la kisomo, mkwe wa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ntirampeba. Dada yake alifia njiani akibebwa kwa machela kwenda kujifungulia hospitali ya Kibondo. Tangu siku ile Odilia ana neno moja tu, kwamba anataka kusomea ukunga. Mwaka huu ikaja nafasi moja ya mafunzo Kasulu, kwa mwanamke wa kijiji anayejua kusoma. Bwana Stanislaus akapanga Odilia amsomee mgeni rasmi risala ya kumkaribisha. Akisoma, nafasi ni yake.

Alisimama na kanga yake mpya, akasoma mistari minne kwa sauti ya kupendeza. Wa tano ukamshinda. Akafungua mdomo, akaufunga, akarudia tena, akanyamaza kabisa. Wanaume jukwaani wakaanza kucheka. Mgeni rasmi akasema mama huyu arudishwe darasani akaanzie a, e, i, o, u, na vicheko vikazidi. Bwana Stanislaus akampokonya karatasi kama anayemnyang'anya mwizi. Nafasi ikatolewa palepale kwa binti wa karani mmoja, msichana ambaye kuku akichinjwa yeye hukimbia. Mzee Ntirampeba alikuwa palepale jukwaani, akainamisha kichwa, asimtetee mkwewe kwa neno hata moja. Nyuma nikasikia wanawake wanapiga vile viganja vyao, polepole. Nikadhani wanamcheka na wao. Wallahi niliwachukia wote.

Kesho yake nikamwendea jirani yangu Stumai nikamfokea, kwamba wanawake gani nyinyi msio na huruma. Aliniacha nimalize, kisha akanieleza taratibu kama anayeeleza mtoto. Mwanamke wa huku hatamki jina la baba mkwe wake. Hata akiwa peke yake shambani, hatamki. Na mstari wa tano ulisema kijiji chetu kinaongozwa na mwenyekiti wetu, Mzee Ntirampeba. Wanawake walikuwa wanampa Odilia heshima, kwa kukubali kukosa Kasulu kuliko kumvunjia mzee adabu mbele za watu. Naye mzee angesemaje, na afisa ameshatangaza kwamba mila ni ushamba?

Kaka, nimewatukana watu hawa karatasi nzima. Sasa nikupe langu. Risala ile niliiandika mimi. Jina la mzee nililitia mimi, nikitaka kumfurahisha. Odilia alinijia mara mbili. Mara ya kwanza aliomba asome kitabuni badala ya risala, nikakataa. Mara ya pili aliniletea mayai, akaomba tuandike "mwenyekiti wetu" tu, jina tuliache. Nikamwambia aache woga, kwani mimi mtoto wa Mombasa ndiye ninayejua Kiswahili cha kumpokea mgeni. Akayaacha mayai, akaenda zake.

Na si hilo tu. Mgeni rasmi alipouliza mwalimu wa mama huyu ni nani, nilisimama. Niliona macho yote yananitazama, mimi mgeni wa nchi, nikasema mbele ya kijiji kizima kwamba Odilia alikuwa mtoro darasani. Uongo mtupu, kaka. Mwaka mzima hakukosa hata siku ya mvua. Alinitazama mara moja tu, akaangalia chini.

Ijumaa, siku ya Jamhuri yetu, nilijifungia ndani. Mchana wakabisha hodi wanawake wa darasa na ndizi zilizopikwa kwa maharage, wakasema sikukuu ya mwalimu haiwezi kupita hivihivi. Wakanikalisha kitini kama mgeni rasmi. Odilia akapiga goti, akagonganisha viganja, akaniuliza hali ya Mama, kisha akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe akaisoma. Anawapongeza watu wa Kenya kwa sikukuu yao, na anamshukuru mwalimu wake. Hakukwama popote.

Kesho alfajiri nadandia lori la pamba kwenda Kasulu. Nitamwambia Bwana Stanislaus kwamba Odilia hakuwa mtoro, mwongo ni mimi, na nitaiweka mezani kwake ile karatasi aliyoiandika Odilia mwenyewe. Binti wa karani anaanza mafunzo Jumatano, kwa hiyo huenda nimechelewa. Wakinifukuza nchini, usimwambie Mama nimerudi kwa homa. Mwambie nimefukuzwa, na mwambie sababu.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na Mama umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Niombee dua.

Ni mimi nduguyo,
Shamsia