Hesabu Tuliyoikosea

Chumba namba sita,
Nyuma ya ghala la mbao.
9 Machi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na shemeji, mgongo umempa nafuu? Huku hatujambo kiasi. Mke wangu anakohoa kidogo, watoto wanarefuka na viatu vinawabana. Mwili wangu mzima. Moyo ndio mzito.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka mwaka juzi tulivyoweka vyuo viwili kwenye karatasi, wewe mwalimu wa hesabu, mimi msimamizi wa mafundi? Kimoja kinafundisha usanifu wa majengo miaka mitano, mchana. Kingine minne, jioni. Ukacheka: "Bwana mdogo, hapo nako unataka ushauri?" Nikachukua minne.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye bodi inayosajili wasanifu, kuulizia fomu tu. Karani, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akasoma jina la kozi yangu mara mbili. "Hii peke yake haikupi muhuri, baba. Nani alikushauri?" Sikukutaja.

Basi sikiliza. Minne ya jioni, halafu miwili ya shahada ya pili, halafu miwili ya kazi chini ya msanifu mwenye muhuri: minane. Ile ya mitano haidai shahada ya pili. Ni mitano na miwili ya kazi, saba. Tuliona nne ni chini ya tano, tukafunga daftari. Mimi ninayepima ubao mara tatu kabla ya kuukata!

Sasa nimeshasoma miwili. Nikibaki, imebaki sita. Nikihamia kule wananipunguzia mmoja tu: minne ya darasani, miwili ya kazi, sita vilevile. Ila hapa nilipo, shahada ya pili wanachukua watu kumi na wawili, na mwaka jana waliomba mia moja na arobaini. Kule ni mchana, lazima niache kazi.

Usiniambie nirudi kwenye ufundi nitulie. Zile ngazi hazijanitoka kichwani. Mchoro ulikuwa na vipandio kumi na saba, cha mwisho kimezidi vingine kimo kwa sentimita nne. Nilimwambia msanifu. Akanijibu mbele ya vibarua: "Fundi, wewe jenga, kufikiri niachie mimi." Nikajenga. Mlinzi wa jengo akajikwaa hapo hapo akiwa na mtungi wa gesi begani, hatembei tena. Kwenye kikao msanifu alileta mchoro uliokwisha kurekebishwa, una muhuri wake. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Kosa likawa langu, na yule mlinzi mpaka leo haitikii salamu yangu.

Kwa hiyo nimehama. Jumatatu naingia mwaka wa pili kule, na vijana waliozaliwa mwaka nilioanza kuchanganya saruji. Jana nilikabidhi funguo za stoo. Kibarua mmoja akaniuliza kama nitavaa kaptula. Tulicheka wote, nikaenda kunawa uso. Mke wangu ameongeza zamu kiwandani. Nina arobaini na tatu. Jumlisha sita, utoe mwenyewe jibu.

Nisalimie shemeji, wanangu wote hapo, na shangazi mpiga soga.

Limebaki la Mama, maana anakaa kwako. Bado anahesabu kuwa imebaki miaka miwili niwe msanifu, kama tulivyomwambia. Ana themanini na nne. Nimejaribu kumweleza mara mbili, na mara zote mbili aliniuliza avae nguo gani siku ya mahafali yangu. Mwambie wewe, kaka. Hesabu ilikuwa yako.

Mungu awalinde nyumba nzima, na Mama amwongezee hiyo minne iliyozidi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na hasira zangu.